Kipande cha Chokoleti

Tangu nilipoanza kufundisha nilikuwa na desturi ya kumtuza mwanafunzi aliyeandika insha bora ya mwezi kwa kipande cha chokoleti. Tuzo hiyo haikuwa kubwa, wala mshahara wa mwalimu haukuniruhusu kutoa kubwa kuliko hiyo. Lakini ilipendwa, na nimewaona wavulana wenye ndevu changa wakiishindania kama kwamba ni kikombe cha fedha. Mwezi mmoja tuzo ilimwangukia msichana wa kidato cha kwanza, mtoto mtulivu ambaye husoma kila kitu kilichoandikwa, hata maneno ya pakiti za chumvi. Aliipokea chokoleti yake kwa mikono miwili, akaigeuza, akasoma mgongoni mwake, kisha akainua mkono.

"Mwalimu," alisema, "hapa wameandika kwamba imetengenezwa Ulaya. Kitabu cha Jiografia kinasema kakao haioti penye baridi. Basi ni nani aliyeipanda?"

Nilimjibu kwamba kakao nyingi hutoka Afrika ya Magharibi, nikadhani nimemaliza. Akauliza tena: "Na huyo mpandaji, watoto wake hupewa chokoleti wakiandika vizuri?"

Darasa lilicheka. Mimi pia nilicheka, kwa kuwa kicheko ni maficho ya karibu kwa mwalimu asiye na jibu. Nilimwahidi kwamba ningemjibu Jumatatu. Jumatatu ile ilifika ikapita, na nyingine nyingi zikaifuata, maana nilipoanza kusoma habari za kakao niliona kwamba kila jibu lilizaa swali jingine, na moja la maswali hayo lilikuja kugonga katika mlango wa nyumba yetu wenyewe.

Kwanza yafaa tuujue mti, maana aghalabu watu huhukumu kazi wasiyoijua. Mkakao si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni misitu ya Amerika ya Kusini, na watu wa Meksiko na nchi jirani walikunywa kinywaji chake karne nyingi kabla Wahispania hawajafika huko katika karne ya 16 na kukipeleka Ulaya. Hupenda joto, mvua na kivuli, kwa hiyo hauendi mbali na mstari wa ikweta. Jirani zetu wa Kyela nchini Tanzania na wa Bundibugyo nchini Uganda wanaulima, na msomaji aliyepata kupita huko atakuwa ameliona tunda lake. Ni tunda la ajabu kidogo. Halining'inii katika vitawi vyembamba kama chungwa, bali huchomoza katika shina lenyewe na katika matawi manene, refu, lenye mifuo, nalo likiiva huwa la manjano au jekundu.

Kazi yake yote ni ya mikono. Katika Afrika ya Magharibi msimu mkubwa huanza Oktoba na kuendelea hadi Machi, na mdogo hufuata baada yake. Matunda ya chini hukatwa kwa panga, na ya juu kwa kisu chenye umbo la ndoana kilichofungwa kwenye ncha ya ufito mrefu. Hukusanywa na kurundikwa, kisha watu huketi kulizunguka rundo na kuyapasua moja moja. Mpasuaji hulishika tunda kwa mkono wa kushoto na kulipiga panga kwa mkono wa kulia. Akipiga kidogo mno halipasuki, akizidisha nguvu panga hupita na kukutana na vidole. Ndani mna mbegu 30 au 40 zilizovikwa ute mweupe, na ute huo ni mtamu. Watoto huufyonza, na kwa wengi wao hiyo ndiyo ladha pekee ya kakao waijuayo. Mbegu hufunikwa kwa majani ya migomba kwa muda wa siku sita hivi, zikachacha na kupata moto, halafu huanikwa juani kwa juma zima. Matunda 20 hadi 25 hutoa kilo moja tu ya mbegu kavu, na gunia moja huchukua kilo 64 hivi. Mwanafunzi apendaye hesabu na ajitafutie mwenyewe ni mara ngapi panga limeinuliwa na kushushwa kabla gunia hilo halijashonwa mdomo.

Habari za kakao na watu wasio huru zina umri mrefu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 Wareno waliutoa mkakao Brazili na kuupanda katika visiwa vya Príncipe na São Tomé, vilivyo katika Ghuba ya Guinea. Mashamba yalikuwa makubwa na wenyeji walikuwa wachache, kwa hiyo watu waliletwa kutoka Angola. Hata baada ya sheria za Ureno kuufuta utumwa katika miaka ya 1870, waliendelea kuletwa kwa mikataba ya miaka mitano ambayo hawakuweza kuisoma, na miaka mitano ilipokwisha mkataba ulianza upya wenyewe. Aliyekwenda hakurudi.

Mwaka 1901 habari hizo zilimfikia William Cadbury, wa kampuni ya chokoleti ya Uingereza. Alionyeshwa karatasi ya kuuzwa kwa shamba moja la São Tomé, na humo wafanyakazi walikuwa wamehesabiwa pamoja na mali nyingine. Yeye na jamaa zake, na kampuni za Fry na Rowntree vilevile, walikuwa watu wa dini, Waquaker, wale ambao sisi Kenya twawajua kwa jina la Marafiki. Ndugu zao kutoka Marekani ndio walioanzisha misheni ya Kaimosi mwaka 1902. Watu wa madhehebu yao walikuwa miongoni mwa wa kwanza kupigana na biashara ya watumwa. Basi walituma mjumbe, wakaandika barua, wakaisihi serikali ya Ureno, na wakati huo wote kakao iliendelea kununuliwa. Mwandishi Henry Nevinson alisafiri Angola na visiwani katika mwaka 1904 na 1905, akayaandika aliyoyaona katika kitabu kilichoitwa A Modern Slavery, kilichotoka mwaka 1906. Hata hivyo kampuni zile tatu hazikutangaza kuiacha kakao ya São Tomé mpaka Machi 1909. Gazeti moja la London lilipowasuta, Cadbury walilishtaki kwa kuwavunjia heshima, na mwishoni mwa mwaka 1909 wazee wa baraza waliwapa ushindi pamoja na fidia ya farthing moja, yaani robo ya peni. Nimeifikiria sana sarafu ile. Naona kama kwamba wazee wale walisema: ninyi hamkusema uongo, lakini miaka minane ni mingi.

Wanunuzi waligeukia Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Huko kakao ilikuwa imeingia kwa njia nyingine kabisa. Mhunzi mmoja Mwafrika, Tetteh Quarshie, alirudi nyumbani kutoka kisiwa cha Fernando Po na mbegu za kakao, akazipanda Mampong mwaka 1879. Wakulima walizinunua mbegu zake, wakafyeka msitu kwa hiari yao, na kufika mwaka 1911 nchi hiyo ilikuwa ya kwanza duniani kwa kakao. Hapakuwa na mkataba wala mnyapara. Palikuwa na mtu, mkewe, jamaa zake na watoto wake. Nawaomba wasomaji wawatie akilini watoto hao, maana nitawarudia.

Jirani wa Ghana upande wa magharibi ni Kodivaa. Chini ya Wafaransa watu wa huko walilazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya wageni hadi mwaka 1946, ilipopitishwa sheria iliyobeba jina la mbunge aliyeipigania, Félix Houphouët-Boigny, ambaye mwenyewe alikuwa mkulima wa kakao na kahawa. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1960 yeye ndiye aliyekuwa Rais, na siasa yake ilikuwa kwamba ardhi ni ya yule anayeilima. Watu walikuja kwa maelfu kutoka Mali na kutoka nchi ambayo siku hizi ni Burkina Faso. Msitu ulianguka, mikakao ikasimama mahali pake, na katika miaka ya 1970 Kodivaa iliipita Ghana. Hata leo nchi hiyo hutoa zaidi ya theluthi moja ya kakao yote ya dunia, na zikiunganishwa mbili hizi, zaidi ya nusu.

Lakini msitu mpya una zawadi ambayo haitolewi mara mbili. Udongo wake una rutuba, magugu yake ni machache, maradhi hayajaujua mti. Baada ya miaka 20 au 30 shamba lilelile hudai palizi zaidi, dawa zaidi, mikono zaidi, na lenyewe hutoa kidogo zaidi. Mkulima wa Kodivaa alifika katika hali hiyo wakati uleule bei ya dunia ilipoporomoka. Rais alijaribu kuizuia kakao isiuzwe, akitumaini kwamba bei itapanda, haikupanda. Mwaka 1989 serikali ilipunguza malipo ya mkulima kutoka franki 400 kwa kilo hadi franki 200. Mwaka 1999 bodi iliyokuwa ikimwekea mkulima bei ilivunjwa, na katika mwaka 2000 tani moja ya kakao iliuzwa katika masoko ya dunia kwa chini ya dola 1,000.

Mkulima aliyepungukiwa namna hiyo hawezi kumlipa mtu mzima. Hapo ndipo walipoingia wauza watu. Vijana wa Mali, wengi wao wakitoka pande za Sikasso karibu na mpaka, walichukuliwa katika vituo vya mabasi kwa ahadi za fedha na baiskeli, wakavushwa mpaka, wakauzwa kwa wenye mashamba. Baadhi yao walifungiwa usiku, walipigwa, na hawakuonyeshwa mshahara. Mwaka 2000 filamu ya Waingereza ilizionyesha habari zao kwenye televisheni, na mwaka huohuo serikali za Mali na Kodivaa zilitia sahihi mapatano ya kuizuia biashara hiyo.

Kelele zilifika Marekani. Mwezi Juni 2001 Baraza la Wawakilishi lilikubali, kwa kura 291 dhidi ya 115, pendekezo la Eliot Engel la kutafuta njia ya kuitia chokoleti alama ya kuonyesha kwamba haikutokana na kazi ya utumwa. Wenye viwanda waliiogopa alama ile kuliko walivyoogopa jambo lolote jingine, nami nadhani hofu yao ilikuwa ushahidi wa kutosha. Sheria haikuendelea. Badala yake, mwezi Septemba 2001, walitia sahihi itifaki iliyobeba majina ya Engel na Seneta Tom Harkin, wakiahidi kwa hiari yao kuukomesha utumikishwaji mbaya wa watoto. Muda uliowekwa ulikuwa Julai 2005. Ukapita, ukasogezwa hadi 2008. Ukapita tena, na mwaka 2010 ahadi yenyewe ikapunguzwa, ikawa kuupunguza uovu huo kwa asilimia 70 kufika mwaka 2020. Mimi ni mwalimu, na nimesikia udhuru mwingi wa kazi isiyokamilika, lakini sijapata kumwona mwanafunzi aliyeongezewa muda wa miaka 15.

Mwaka 2020 ulipofika, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walitoa hesabu yao. Katika msimu wa 2018 na 2019, walisema, watoto milioni 1.56 walikuwa katika ajira ya watoto kwenye kakao ya Kodivaa na Ghana, na karibu wote walifanya kazi za hatari: panga, dawa za sumu, mizigo mizito. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Juni 2021, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri la watu sita wa Mali waliosema kwamba walitumikishwa utotoni katika mashamba ya Kodivaa, na ambao walizishtaki kampuni za Nestlé na Cargill. Kampuni zilikanusha. Shauri lilikuwa limeanza mwaka 2005. Majaji wanane kati ya tisa walisema kwamba mambo yaliyolalamikiwa yalitendeka nje ya Marekani, kwa hiyo sheria waliyoitegemea watu hao haikuwafikia.

Basi Jumatatu moja nilisimama mbele ya darasa langu na kuwaeleza hayo yote. Nilieleza vizuri, nakiri, tena kwa uchungu. Niliwapa wale vijana wa Sikasso na basi la usiku, na darasa likanyamaza. Mvulana mmoja alisema kwamba hatakula chokoleti tena maishani mwake. Wengine wakamuunga mkono. Nilikuwa karibu kuridhika na nafsi yangu. Ndipo yule msichana alipoinua mkono.

"Mwalimu, hawa milioni moja na nusu, wote waliibwa?"

Ilinibidi niseme kweli. Hapana. Walioibwa na kuuzwa ni wachache katika hesabu hiyo. Walio wengi hufanya kazi katika mashamba ya wazazi wao wenyewe, pamoja na ndugu zao, na jioni hurudi kulala nyumbani kwa mama yao.

"Kumbe," alisema, na uso wake ukalegea, "basi ni kama sisi tunavyochuma kahawa."

Sikumjibu. Nilitazama dirishani, kwa maana katika neno lake nilimwona dada yangu mkubwa.

Sisi tulizaliwa katika nchi ya kahawa, milimani, penye udongo mwekundu. Mimi nimechuma. Nakumbuka umande wa asubuhi uliotulowesha mpaka kifuani, rangi ya samawati ya dawa ya shaba iliyoganda kwenye majani, na kamba ya kikapu shingoni. Nilichuma katika likizo na siku za Jumamosi, nikapewa uji na maneno ya sifa, na jioni nilikwenda na baba kiwandani kuona kahawa yetu ikipimwa. Sina kinyongo na siku zile. Mtu akiniambia kwamba nilitumikishwa, nitamkatalia, kwa sababu Jumatatu nilikuwa shuleni.

Dada yangu alinitangulia kuzaliwa kwa miaka 10. Mwezi Julai 1989, mwaka uleule mkulima wa Kodivaa alipokatiwa malipo yake nusu, mapatano ya dunia yaliyokuwa yakigawia kila nchi kiasi chake cha kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka. Sisi hatukuwa na habari za mapatano. Tulichojua ni kwamba malipo ya kahawa yalipungua, kisha yakachelewa, kisha yakaja na makato yaliyoyameza karibu yote. Shule zilidai ada, sare na michango ya majengo. Mwaka 1992, akiwa darasa la sita, dada aliondolewa shuleni. Hapakuwa na mkutano wala ugomvi. Baba alisema tu kwamba mwaka huu apumzike kidogo, na Jumatatu yake alikwenda na wanawake wa kijiji kuchuma kwa malipo katika shamba kubwa ng'ambo ya mto, akilipwa kwa debe. Alikuwa na umri wa miaka 13. Kupumzika kule hakukuisha. Kwa madebe yale nilinunuliwa kaptura yangu ya kwanza ya shule, na daftari, na kwa miaka mingi michango yangu ililipwa kwayo. Elimu ya msingi bila malipo ilipokuja, Januari 2003, mimi nilikuwa darasa la saba, na yeye alikuwa mama wa watoto wawili. Vyeti vyangu vyote, hata kile cha chuo cha ualimu kilichoniruhusu kusimama mbele ya watoto wa watu na kuwaeleza mabaya ya Kodivaa, vimepita mikononi mwake.

Baba hakuwa mtu mkatili. Kama ningeambiwa nimweke katika hesabu ya watafiti, sijui ningemwandika upande gani. Lakini dada ningejua.

Nadhani hapo ndipo palipo na kosa katika maelezo yangu ya kwanza kwa darasa. Niliwaonyesha jambazi, kwa kuwa jambazi ni rahisi kumchukia. Katika sehemu kubwa ya habari hii hayupo. Yupo mgeni kutoka Burkina Faso aliyekabidhiwa shamba la mwingine kwa mapatano ya theluthi, ambayo watu wa Ghana huyaita abusa: alitunze shamba, avune, na ujira wake uwe sehemu moja ya tatu ya mavuno. Theluthi hiyo haiwezi kuajiri kibarua. Anao watoto wanne. Shule iko mbali. Na huenda mtoto wake wa kwanza hana cheti cha kuzaliwa, na bila cheti hawezi kufanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mtu huyo hahitaji kuwa mwovu ili panga lifike mkononi mwa mtoto. Kazi hujipangia yenyewe.

Mataifa yameafikiana juu ya mahali pa kuuchora mpaka. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1973 uliweka umri wa kuanza kazi, na ule wa mwaka 1999, ambao kufika Agosti 2020 ulikuwa umeridhiwa na nchi zote wanachama, ulikataza kazi mbaya kabisa. Mtoto kuokota matunda pamoja na mama yake baada ya masomo si kosa. Kupulizia sumu ni kosa, kubeba gunia linalozidi mwili wake ni kosa, na kuwa shambani wakati kengele inapolia shuleni ni kosa, awe amepelekwa na muuza watu au na baba yake mzazi. Kodivaa yenyewe ilifanya shule kuwa lazima kwa watoto wa miaka 6 hadi 16 mwaka 2015. Ghana na Kodivaa ziliafikiana mwaka 2019 kwamba mnunuzi aongeze dola 400 juu ya kila tani ili mkulima apate cha kuishi. Kampuni nazo zimejenga madarasa na kuweka watu wa kupita vijijini kuwatafuta watoto waliomo mashambani. Siwezi kuyadharau hayo. Mtoto mmoja aliyerudishwa darasani ni mtoto mmoja, na mimi nilikuwa nikimtaka mmoja tu.

Lakini bei ndiyo mzizi, na bei imenifunza jambo jingine. Mvua mbaya, maradhi na uzee wa mikakao vilipunguza mavuno ya Afrika ya Magharibi, na mwezi Desemba 2024 tani moja ilifika zaidi ya dola 12,000, kiasi ambacho hakikuwahi kuonekana. Mtu angesema kwamba siku ya mkulima imefika. Lakini kakao yake ilikuwa imeuzwa mapema kwa bei ya zamani, na miti yake ilikuwa na matunda machache. Basi yule mvulana wangu aliyeapa kuacha chokoleti, sikumkataza, wala sikumsifu. Mwaka 1909 kuacha kununua kuliwatoa wanunuzi kwa mabwana wa São Tomé na kuwapeleka kwa wakulima wadogo wa Gold Coast. Leo mashamba ni ya hao wadogo wenyewe, na asiyenunua kwao hampunguzii mtoto mzigo, humpunguzia baba yake fedha.

Mwishoni mwa muhula nilikwenda kumwamkia dada, nikamchukulia kipande cha chokoleti, kikubwa kuliko cha tuzo. Anaishi bado upande uleule wa mto. Alikuwa ameketi barazani akichambua maharagwe.

"Mwalimu," alisema, maana tangu nihitimu haniiti jina, "umeniletea peremende kama mtoto?"

Nikamweleza ni ya nini. Alikimega kipande kidogo, akakiweka ulimini, akafumba macho. Alisema ni kizuri, ila kinanata. Kisha akauliza, kama nilivyojua atauliza, wenye kakao hulipwa ngapi kwa kilo. Nilimwambia kwamba bei ya serikali ya Kodivaa mwezi Aprili 2024 ilikuwa franki 1,500, kama shilingi 320 za kwetu.

"Na huko inakokwenda?"

"Mwezi huohuo ilikuwa zaidi ya shilingi 1,300."

Aliendelea na maharagwe yake, akitupa yaliyotobolewa na wadudu. "Wachumaji wao nao hupimiwa kwa debe?"

"Huko hakuna debe, Dada. Ni gunia, na kwa wengi ni shamba la baba yao."

"Basi hawalipwi," alisema.

Nikanyamaza. Yeye aliikunja karatasi ya fedha juu ya vipande vilivyosalia, akaibana pembeni kwa ukucha, akaiweka juu ya kabati ambako kuku hawafiki.

"Huyu mdogo wangu wa mwisho bado yuko shule," alisema. "Wanatoka saa kumi. Akija atakula chake."